Upande wa Ndani wa Kofia

Edinburgh,
4 Oktoba 1953

Mdogo wangu Roda,

Nakusalimu, na kwa kinywa chako namsalimu Mama. Barua hii itafika kwako Tunduma kabla hujaipandisha milimani kwake Mbebe. Naomba, kama kawaida, umsomee polepole, wala usiruke mahali utakapoona nimeandika upuuzi. Upuuzi wangu Mama huupenda kuliko elimu yangu.

Baridi imeanza. Nilidhani mtu aliyezaliwa Mbebe, akachunga mbuzi katika ukungu wa Juni, hawezi kutishwa na baridi ya Wazungu. Sasa naitilia shaka dhana hiyo, kama ninavyozitilia shaka dhana zangu nyingi tangu nifike chuo kikuu. Baridi ya kwetu humngoja mtu nje. Ya huku huingia naye ndani na kuketi.

Nina aibu kusema lifuatalo. Kofia aliyonifumia Mama nilipoondoka ilichukuliwa na upepo darajani juma lililopita. Niliiona ikibiringika juu ya reli, nakshi yake ya vilima vyeupe ikionekana na kupotea, nami nikalia mbele za watu. Mwombe anifumie nyingine ya namna ile ile: vilima vyeupe juu ya rangi ya giza, kwa sindano nne, mviringo usio na mshono. Mama mwenye nyumba ninayopanga ametoka visiwa vya kaskazini, ambako wanawake hufuma tangu utotoni. Aliwahi kuigeuza ile ya kwanza ndani nje, akasema hajapata kuona mtu wa nchi ya joto akipitisha nyuzi mbili kwa unadhifu ule. Nilimjibu kwamba Mbebe si nchi ya joto. Hakuniamini.

Dada yako,
Tupokigwe


Mbebe,
2 Novemba 1953

Dada Tupokigwe,

Nimekuja huku kwa majuma kadhaa. Mume wangu Enoka amebaki na duka Tunduma. Mama ana kikohozi, kile cha kila mwaka mvua zinapokaribia, usiwe na wasiwasi.

Habari ya kofia imemchekesha mpaka nikampa maji. Anasema, nami naandika kama asemavyo: “Mwambie huyo msomi kofia hufungwa kamba kidevuni. Kama hana kamba aishike kwa mkono, mkono mmoja watosha kusomea.” Kisha akaniambia nifute. Sikufuta.

Sufu nyeupe tumeipata misheni. Ya giza tumeipata kwa kufumua sweta ya jeshi ya marehemu Baba, ile aliyorudi nayo kutoka vitani Burma. Nilisita kukata uzi wa kwanza. Mama akaniambia, “Baba yenu haihitaji tena. Huko aliko hakuna baridi. Au wewe una habari nyingine?”

Ameanza. Jana alinipa sindano nimfumie vitanzi kumi wakati anakohoa. Alipozipokea akageuza ndani, akaniuliza, “Hizi nyuzi umezitia pingu?” Unajua yeye hushika uzi mweupe kwa mkono wa kulia na wa giza kwa mkono wa kushoto, nazo hupita nyuma ya vitanzi bila kugusana. Sisi tuliofundishwa misheni huzisokota kila tunapobadili rangi. “Ninyi mliketi darasani,” anasema. “Mimi nilikuwa nafagia baraza na kuchungulia dirishani, ndiyo maana nilijifunza vizuri.” Akanifumulisha vyote kumi.

Wanaume wanaopita Tunduma kwenda migodini Rhodesia wanazisaka mno kofia hizi. Mmoja alitaka kuinunua ya kwangu ikiwa kichwani. Enoka alimuuliza kama anataka na kichwa.

Mdogo wako,
Roda


Edinburgh,
10 Januari 1954

Mdogo wangu Roda,

Kwa miezi miwili sijapata barua yako. Najieleza kwamba ni mvua, ni barabara, ni meli. Maelezo yote ni mazuri na hakuna linalonituliza.

Lililo chini ya mstari huu msomee Mama peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Mama, nilikuahidi kurudi Julai. Sasa wakuu wangu wananiambia kwamba nikikaa miaka miwili zaidi nitapata shahada ya juu, na kwamba nafasi hiyo haitangoja. Nimeandika sababu za kukaa upande mmoja wa karatasi, na za kurudi upande wa pili. Upande wa kurudi una neno moja tu, nalo ni wewe. Naogopa kukuacha na kikohozi hicho kwa miaka miwili. Naogopa pia kwamba natumia kikohozi chako kuficha uoga wangu wa masomo. Siwezi kutenganisha hofu hizi mbili, kwa hiyo naliweka jambo mikononi mwako. Ukisema rudi, nitarudi bila kinyongo. Ukisema kaa, nitakaa. Natakiwa kusaini mwisho wa Februari, nami sitasaini bila neno lako.

Mwanao,
Tupokigwe


Tunduma,
3 Februari 1954

Dada Tupokigwe,

Unisamehe kwa ukimya. Mvua zilikuwa nyingi. Kikohozi kimepungua.

Barua yako niliisoma yote, polepole, kama ulivyotaka. Mama alinyamaza muda mrefu. Neno lililotoka ni hili: kaa, umalize.

Kofia imekwisha, nimeituma kwa meli katika kifurushi. Nimeishonea kitambaa ndani ili isikuwashe masikioni. Usikibandue, kitalegeza ukingo.

Roda


Edinburgh,
18 Aprili 1954

Roda,

Nilisaini tarehe ishirini na sita Februari, nikiwa na barua yako mfukoni. Kofia imefika juzi.

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu, kwa sababu nimekasirika, na nimejifunza kutoamini hoja ninazozipata nikiwa katika hali hiyo. Niliivaa, nikashuka nayo jikoni. Mama mwenye nyumba akaivua kichwani mwangu bila kuniuliza, kama afanyavyo, akaigeuza, akatazama juu ya kile kitambaa, pale utosini. Akasema, “Huyu si yule wa kwanza.” Nikamwambia ni mama yangu. Akatikisa kichwa. “Mikono haibadiliki hivi kwa mwaka mmoja.”

Nilipotazama nikaona mwenyewe. Nyuzi zimesokotana kila rangi inapobadilika. Vilima vyeupe vya juu, ambavyo kwa Mama hukaa wima, vimevutwa pembeni kidogo, kama watu waliofungwa kamba moja. Hizi ni zile pingu. Namjua mtu mmoja tu anayefuma hivi kwa sufu ya Baba.

Kwa hiyo iko wapi kofia ya Mama? Uliniandikia mwenyewe kwamba wapitanjia wanazisaka. Naona jambo hivi, nami natamani nikosolewe: Mama alifuma kofia, wewe ukampa mtu njiani, kisha ukafuma hii kwa masalio ya sweta, ukaniletea kwa jina lake. Ungeniambia kofia imeuzwa kwa sababu mna shida, ningekuelewa. Kinachoniumiza ni kwamba uliitazama kazi yako ukaandika kwamba ni yake.

Huenda nimekosea. Niandikie kwamba nimekosea.

Tupokigwe


Tunduma,
12 Mei 1954

Dada,

Hukukosea. Niliiuza. Alipita mtu anaitwa Mika, anakwenda migodini, akaiona mezani, nami nikampa. Kisha nikafuma nyingine.

Naomba unisamehe. Usimwandikie ndugu yetu Luka habari hii, ana shughuli nyingi migodini. Usiitaje pia katika barua za Mama. Jambo hili liishie kwetu wawili.

Roda


Edinburgh,
2 Juni 1954

Mdogo wangu Luka,

Utashangaa kupokea barua yangu huko Mufulira, kwani habari zako zote hunifikia kupitia Roda. Sina hakika tena na kinachonifikia kupitia Roda.

Ameuza kofia aliyonifumia Mama, akaniletea aliyoifuma mwenyewe akisema ni ya Mama. Amekiri. Utaona ni jambo dogo, nami nimejaribu kuliona hivyo, ila kila ninapolipunguza linarudi na ukubwa wake. Mtu tuliyelelewa naye nyumba moja, tuliyelala naye kitanda kimoja, ambaye Mama alimchukua akiwa na miaka mitatu mama mdogo alipofariki, amenitazama machoni kwa karatasi na kunidanganya. Sasa kila “Mama anasema” katika barua zake nairudia nikijiuliza.

Ninakuomba jambo moja. Utakapopata likizo, panda Mbebe, uketi na Mama, umsomee barua hii niliyoiambatanisha, uniandikie majibu yake wewe mwenyewe. Muulize pia kama ni kweli alisema nikae.

Dada yako,
Tupokigwe


Mufulira,
29 Juni 1954

Dada Tupokigwe,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimemwomba Boazi, mwenzangu wa chumbani, aisome naye, maana nilidhani macho yangu yana kasoro.

Dada, unaniambia nimsomee Mama. Mama alizikwa Novemba, tarehe ishirini. Alifariki tarehe kumi na tisa. Mimi nilipata simu ya posta nikafika siku ya tatu, nikakuta kaburi. Nilimuuliza Roda, “Dada ameambiwa?” Akasema, “Nimemwandikia.” Nikaridhika. Ulipokaa kimya nilidhani una uchungu na mimi kwa kuwa sikukuandikia, nami nikaogopa kuanza. Naona sasa nilikuwa mjinga.

Kama Mama aliacha agizo kwamba usiambiwe, mimi sikulisikia. Walioketi msibani hawakulitaja. Nami kuhusu kofia kuuzwa sijui lolote. Niliiona mikononi mwa Roda siku ile, bado ina sindano, haijafika nusu. Hakuiweka chini hata alipokuwa anapokea watu.

Pole, dada yangu. Sijui namna nyingine ya kuandika.

Mdogo wako,
Luka


Edinburgh,
25 Julai 1954

Roda,

Luka ameniandikia.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu, ya pili ilikuwa na haki zaidi nami sikuiamini. Naandika hii nikijua kwamba huenda nayo isiwe ya kweli kabisa.

Ulikiri wizi ambao hukuutenda. Nilipokutuhumu ulinikabidhi hata jina la mnunuzi, nami nikakasirika kwa juma zima juu ya mtu anayeitwa Mika ambaye labda hajazaliwa. Uliona ni heri nikuchukie kwa kofia. Natambua kwamba kulikuwa na gharama kwako katika hilo. Siwezi kuipima leo.

Tangu tarehe kumi na tisa Novemba nimemwandikia Mama barua nne. Nilimweleza juu ya theluji, na juu ya mwanamke wa sokoni anayepiga kelele kama shangazi yetu. Nilimuuliza kama kikohozi kimepungua, nawe ukanijibu kwamba kimepungua. Nilimuuliza nirudi au nikae. “Mama alinyamaza muda mrefu.” Sentensi hiyo naijua kwa moyo. Nilikuwa nikiisoma usiku wa mitihani na kuona uso wake akifikiri. Niliona hata vidole vyake.

Kofia niliomba kwa sababu nilisikia baridi, hilo nakuachia. Neno “kaa” siwezi kukuachia. Nililiweka jambo mikononi mwa Mama kwa sababu yeye peke yake alikuwa na haki ya kuniita. Wewe ulikikuta kiti chake kitupu ukaketi, ukanihukumu miaka miwili kwa sauti yake. Inawezekana angesema vivyo hivyo. Inawezekana angesema rudi. Umeniondolea uwezo wa kujua, na hicho ndicho nisichojua namna ya kukisamehe.

Nimekibandua kitambaa, ingawa ulinikataza. Nilidhani ni kitambaa chochote. Ni kilemba chake cha maua ya bluu. Nilikitambua kwa ule upande uliofifia kwa jua. Na chini yake nilikuta kazi yake. Nyuzi mbili zinapita sambamba, safi, hazigusani, kutoka ukingoni hadi ndani ya safu ya pili ya vilima. Nilihesabu mizunguko ishirini na miwili. Wa ishirini na tatu ni wake kwenye sindano ya kwanza, na ni wake kwenye sindano ya pili. Sindano ya tatu inaanza kusokotana.

Nimeweka kidole hapo. Ni mahali padogo kuliko ukucha. Niambie kilichotokea hapo, Roda. Niambie kwa sauti yako mwenyewe.

Tupokigwe


Tunduma,
22 Agosti 1954

Dada,

Kilichotokea hapo ni hiki.

Ilikuwa asubuhi, jua limetoka baada ya mvua, nikamtolea kigoda barazani. Alikuwa anafuma na kunisimanga kwamba ugali wangu wa jana ulikuwa laini kama uji wa mzazi. Akamaliza sindano ya pili. Akaninyooshea kofia, akasema, “Shika, nijilaze kidogo. Usiitie pingu.” Nikaishika. Nilipoingia kumwita ale, hakuitika.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Hakuacha agizo juu yako. Kwa miezi mingi nimetamani angekuwa ameliacha, nami mara mbili nilikaribia kukuandikia kwamba aliliacha. Sikuandika. Katika uongo wangu wote, huo sikuweza.

Nilianza barua ya msiba siku ya nne. Niliandika, “Dada, Mama,” kisha nikaona kalamu imeandika “anakusalimu.” Nikaichana. Juma lililofuata ikawa vile vile. Niliogopa utaacha masomo, hilo ni kweli, na ndilo nililomwambia Enoka. Kuna jingine ambalo sikumwambia. Kwenye matanga nilikaa mahali pa binti mkubwa. Walininyoa mimi, walinipa pole mimi, walisema, “Mama yako, mama yako.” Katika barua zako huandika “Mama,” nami sijapata kujua kama ndani ya neno hilo umenihesabu. Katika barua yako kwa Luka, ambayo amenisomea alipopita hapa, mimi ni mtu aliyechukuliwa akiwa na miaka mitatu. Kwa siku zile za matanga nilikuwa mtoto wake mbele ya kila mtu. Nilijua barua yangu ikifika, msiba utakuwa wako, nami nitarudi kuwa mwenye kutoa habari.

Barua yako ya Januari niliipandisha Mbebe. Niliketi kwenye kigoda chake, mlango uko wazi, nikaisoma kwa sauti, polepole. Sikuruka kitu. Mama alinyamaza muda mrefu. Hapo sikudanganya, dada.

“Kaa” ni neno langu. Nililisema kwa sauti barazani nione litasikikaje. Lilisikika kama lake. Hilo ndilo lililonitia hofu, nami nikaliandika.

Kofia nilijitahidi kuifuma kama yeye. Nilishika uzi mmoja kila mkono, nikafumua, nikarudia, tangu Krismasi hadi mwisho wa Januari. Mikono ilirudi misheni kila mara. Kilemba nilikishona kuficha mahali pale tunapopishana. Hakikutosha kufika utosini. Nacho nilikuwa na kimoja tu. Nilitaka ukipate bila kujua umepata nini.

Sitakuomba radhi kwa barua. Utakaporudi utapita Tunduma, hakuna njia nyingine. Utanikuta.

Roda


Edinburgh,
19 Septemba 1954

Roda,

Nimepata barua yako. Ni ya kwanza kutoka kwako mwenyewe katika mwaka huu, nikihesabu sawasawa.

Bado sijakusamehe, na sitaki kuandika jambo ambalo moyo haujalifikia. Nilikuwa nimepanga maneno makali juu ya kigoda kile. Kisha nikarudi kwenye sentensi yako kuhusu neno “Mama,” nikazipitia barua zangu katika kumbukumbu, moja baada ya nyingine, nione mahali nilipoandika “Mama yetu.” Sikupata. Hilo halifuti ulilolitenda. Nimeliweka kando yake, na bado sijajua lina uzito gani.

Jumamosi nilifumua kazi yako. Sikufanya kwa hasira, au nadhani sikufanya kwa hasira. Nilivuta uzi kutoka utosini mpaka nikafika kwenye sindano ya tatu ya mzunguko wa ishirini na tatu, nikasimama. Mama mwenye nyumba aliniazima sindano nne. Nilikusudia kuimalizia kwa mkono wa Mama. Sijafuma tangu nilipokwenda shule ya bweni, lakini nilimtazama miaka mingi kuliko wewe, nami niliamini kwamba macho yangu yamehifadhi kitu ambacho yako hayakuhifadhi. Uzi mweupe kulia, wa giza kushoto. Nilikwenda taratibu. Nilimaliza sindano ya tatu, nikafuma mzunguko wa ishirini na nne wote, nikaridhika sana.

Kisha nikageuza ndani.

Zimesokotana, Roda. Kila rangi inapobadilika. Mama mwenye nyumba alivaa miwani, akatazama kwa muda, akaniuliza kwa nini nimefumua kazi nzuri ili niirudie vile vile.

Sikufumua tena. Nimeendelea, na leo nimefika vilima vya mwisho. Baridi imeanza, nami nina miaka miwili ya kukaa.

Usiniandikie tena “Mama anasema.” Niandikie wewe unasemaje.

Tupokigwe